Mtoto Akikuambia Siri: Je, Kunyamaza Ni Amani?



Wapendwa ndugu na dada, wazazi na walezi, nimeombwa niandike katika toleo hili juu ya watoto wetu wa shule ya msingi na hali ya mioyo yao. Nilikubali haraka. Kisha nikakaa na karatasi siku nyingi bila kuandika, kwa sababu jambo ninalopaswa kusema linaanza na kosa langu mwenyewe.

AHADI NILIYOITOA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha Shule ya Jumapili. Siku moja mtoto wa kike, wa darasa la tatu hivi, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa anakunja mkeka ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. Akaniuliza: "Mwalimu, nikikuambia neno, utamwambia mtu?" Nikamjibu upesi: "Sitamwambia mtu, mwanangu." Nilidhani ataniambia kwamba ameiba penseli ya mwenzake. Akaniambia kuwa kuna mtu mzima anayelala nyumbani mwao ambaye humfuata usiku akiwa amelala, na kwamba yeye sasa anaogopa jua linapotua.

(Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili mtoto huyo asitambulike. Habari zake ni mali yake, si zangu.)

Nilimwombea. Nikamwambia Mungu anamwona. Nikaenda nyumbani. Kwa muda wa wiki tatu sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia kwamba nimeahidi, na Mkristo havunji neno lake. Tena nilijiambia kwamba nyumba ile ni ya watu wanaoheshimiwa, na kanisa letu lilikuwa limetoka tu katika ugomvi mkubwa. Nani angependa moto mwingine? Kwa wiki hizo tatu mtoto aliendelea kulala katika nyumba ile ile. Mimi nilipata usingizi kwa sababu nilikuwa nimetunza ahadi. Yeye hakupata.

Hivyo swali ninalowaletea leo ni hili: je, nilifanya vema kutunza neno langu? Na kwa upana zaidi: tunaponyamaza juu ya maumivu ya mtoto ili nyumba, ukoo au kanisa likae kwa utulivu, je, utulivu huo tunaweza kuuita amani?

AHADI IPO KWA AJILI YA NANI?

Kutunza siri ni jambo jema. Mtu asiyeweza kufunga mdomo huvunja nyumba za watu, na sisi tunaoishi mlango kwa mlango, turubai kwa turubai, tunajua jinsi neno moja la asubuhi linavyofika mwisho wa kijiji kabla ya saa sita. Sisemi basi kwamba siri ni kitu kibaya.

Lakini tujiulize, ahadi ipo kwa ajili ya nani? Ipo kwa ajili ya yule aliyeahidiwa, ili apate mema. Mtoto yule alitaka nini? Kama angetaka tu jambo lisijulikane, asingeniambia hata mimi. Angenyamaza kama alivyokuwa amenyamaza siku zote. Alikuja kwa sababu alitaka jambo lile likome. Aliomba siri kwa sababu aliogopa gharama: kupigwa, kuitwa mwongo, kumwona mama yake akilia, kusikia kwamba yeye ndiye aliyeharibu nyumba. Mimi nilitunza maneno ya mdomo wake na kuliacha ombi la moyo wake.

Mtu atasema: "Basi ungevunja ahadi tu." Hapana, si rahisi hivyo. Mtoto ambaye mtu mzima mmoja amekwisha kumtumia vibaya, akidanganywa na mtu mzima mwingine, atamwamini nani tena? Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa kutoa ahadi ambayo sikuwa na haki ya kuitoa. Nilipaswa kusema hivi: "Mwanangu, siwezi kukuahidi hivyo. Ukiniambia jambo linalokuumiza, nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, nami nitakuambia kwanza ni akina nani." Huenda angenyamaza siku ile. Lakini angejua kwamba mlango uko wazi, na kwamba anayeongea naye hasemi uongo.

Na kama ahadi imekwisha kutoka mdomoni? Basi turudi kwa mtoto, tukiri kwamba tulikosea kuahidi, tumweleze tutamwambia nani na kwa nini. Kuaibika kwa mtu mzima mbele ya mtoto ni kitu kidogo kuliko usiku mmoja wa hofu.

NYUMBA YA DAUDI

Wengi wetu hatujasikia mahubiri juu ya 2 Samweli sura ya 13. Tunaipita kwa sababu inatuaibisha. Naomba kila familia iisome polepole, watoto wadogo wakiwa wamelala.

Tamari binti Daudi anaumizwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Hakuficha: alitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti. Tuangalie sasa watu wazima wa nyumba ile. Absalomu, ndugu yake kwa mama, anamwambia anyamaze kwa kuwa aliyetenda ni ndugu. Mfalme Daudi anasikia habari yote na anakasirika sana, lakini hatuoni mahali popote alipomwita Amnoni au alipokwenda kumwona binti yake. Tamari anabaki nyumbani kwa Absalomu, peke yake, maisha yake yamesimama.

Je, nyumba ilipata amani? Kwa nje, ndiyo. Kwa miaka miwili mizima hakuna aliyesema neno. Kisha, wakati wa kukata manyoya ya kondoo, Absalomu akaamuru Amnoni auawe. Baadaye Absalomu mwenyewe akaasi dhidi ya baba yake, naye akafa, na watu wengi wakafa pamoja naye. Ukoo uliotaka kulinda heshima ulipoteza heshima na wana pia. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Somo ninaloliona hapa ni kwamba hasira ya Daudi ilikuwa ya haki, ila ilibaki ndani ya kifua chake. Mtoto hasaidiwi na hasira iliyo kifuani mwetu. Husaidiwa na hatua tunazopiga kwa miguu.

SABABU ZETU ZA KUNYAMAZA

Nimewauliza wazazi wengi kwa nini tunanyamaza. Sababu zao si za kijinga, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni heshima ya binti. "Tukisema, nani atamwoa?" Nawaelewa. Lakini tuone ni nani anayemwekea mtoto aibu hiyo. Aibu ni ya aliyetenda. Sisi ndio tunaoihamisha na kuiweka kichwani pa mtoto kila tunapomnong'oneza anyamaze. Tena kusema mahali panapofaa si kutangaza sokoni. Watu watatu wanaojua kazi yao wanatosha. Kijiji kizima hakihitaji kujua.

Ya pili ni msamaha. Wengine huleta mbuzi, au fedha kidogo, wazee wanakaa chini ya mti, familia mbili zinashikana mikono, maombi yanafanyika, kesi inaisha. Ndugu zangu, ni nani aliyesamehe hapo? Mtoto hakuwepo. Hakuna mtu anayeweza kusamehe deni ambalo si lake. Msamaha wa Kikristo ni wa kweli, nami nauhubiri. Lakini kusamehe si kumrudisha mtoto alale karibu na aliyemwumiza. Aliyetenda akitubu kwa kweli, atakubali mwenyewe kukaa mbali na watoto na kujibu mbele ya sheria. Na sheria ya Uganda haimwachii mzee wa kanisa wala mwenyekiti wa kijiji jambo hili: tendo la ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, kesi yake huanzia polisi.

Ya tatu ni hofu ya tumbo. Aliyetenda ndiye anayelima shamba, au ndiye mwenye kazi ndogo ya kuleta mafuta na chumvi. Mgao wa chakula umepunguzwa mara nyingi miaka hii, na tangu 2025 misaada imezidi kupungua. Mama anajiuliza watoto wake wanne watakula nini. Sina jibu jepesi kwa mama huyu, wala sitamhukumu. Ninachosema ni kwamba hapa ndipo kanisa linapopimwa. Kama tunamwambia aseme ukweli, basi sisi tubebe mahindi na maharage hadi mlangoni kwake, si Jumapili moja tu. Tukimwachia gharama yote yeye peke yake, tumefanya ukweli kuwa kitu cha matajiri.

Ya nne ni hofu ya faili. "Kesi ikiingia, safari yetu ya kwenda nje itazuiwa." Wengi wamesubiri miaka kumi na zaidi, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wengi walilia hapa. Najua uzito wa tumaini hilo. Lakini mtoto anayebebwa hadi nchi ya mbali pamoja na jeraha lake na pamoja na aliyemjeruhi, amehama kwenda wapi?

Ya tano: "Mtoto anaweza kusingizia mtu." Ni kweli, mtu anaweza kushitakiwa kwa uongo, na jina la mtu ni kitu cha thamani. Ndiyo maana sisi si mahakimu. Kupeleka habari si kuhukumu. Tunapopeleka, tunasema tu: mtoto ameniambia maneno haya, siku hii, naomba wenye kazi wachunguze. Kama si kweli, wachunguzi wana njia ya kujua kuliko mimi na wewe. Lakini tukianza kwa kumwita mtoto mwongo, hata yule anayesema kweli hatarudi tena.

BAADA YA KUSEMA: KUUTUNZA MOYO WA MTOTO

Kumlinda mtoto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumsaidia moyo wake upone. Hapa sizungumzii tu watoto waliotendewa jambo kama la yule binti. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Wengi wa watoto wetu walivuka Ziwa Albert kwa mtumbwi usiku, au walipita Bunagana wakikimbia risasi. Wengine wamezaliwa hapa hapa lakini wanasikia habari za usiku ule kila siku nyumbani.

Tunaonaje kwamba moyo wa mtoto umelemewa? Anakojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha. Anaota na kupiga kelele. Anaumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, na zahanati haioni ugonjwa. Aliyekuwa mchangamfu anakaa pembeni. Aliyekuwa mpole anapigana. Anamng'ang'ania mama hata chooni. Anasahau alichojifunza jana. Kwa watoto wengi dalili hizi hupungua taratibu wanapopata usalama na ratiba ya kila siku. Zikiendelea wiki nyingi, au mtoto akisema anataka kufa au akijiumiza, tusingoje: tumpeleke kituo cha afya mara moja.

Nawasihi sana juu ya mambo mawili.

La kwanza, tusimwite mtoto mchawi. Anayeota vibaya, anayekojoa kitandani, anayeongea peke yake, si lazima awe na pepo. Huko kwetu Congo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa jina hilo, hata ikabidi sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikataze kumshitaki mtoto kwa uchawi. Tuwaombee watoto, ndiyo, lakini tusiwafunge kamba, tusiwanyime chakula kwa jina la mfungo, tusiwapige ili pepo atoke.

La pili, tusidhani fimbo inaponya hofu. Methali ya samaki mkunje angali mbichi tunaipenda, lakini kukunja si kuvunja. Nchini Uganda marekebisho ya sheria ya watoto ya 2016 yamekataza adhabu ya viboko shuleni. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia moja darasani amechoka, tunamhurumia. Lakini mvulana wa miaka 13 aliyewekwa darasa la pili kwa sababu alianza na Kifaransa na hapa wanafundisha Kiingereza, amekwisha kupigwa na aibu kila asubuhi anapokaa kati ya watoto wa miaka saba. Fimbo itamwongezea nini, isipokuwa sababu ya kutorudi?

Tazameni jinsi Mungu alivyomtendea Elia katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii amechoka, amekimbia, ameomba afe. Malaika hakuanza kwa kumkemea kwamba hana imani. Alimwachia alale, akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akapewa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani, nayo yalianza kwa kumwuliza anafanya nini pale, yaani Elia alipewa nafasi ya kusema kwanza. Usingizi, chakula, mkono wa upole, kisha sikio: huo ndio utaratibu. Hata kitabu cha msaada wa kwanza wa kisaikolojia kilichotolewa 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake kinafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha na msaada. Kinaonya pia tusimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mtoto akianza kukuambia, kaa chini uwe kimo chake. Sikiliza. Usiulize maswali mengi, wala usimtajie jina ili akubali. Mwambie: "Umefanya vema kuniambia. Si kosa lako."

2. Usiahidi siri. Ahidi kuwa karibu naye.

3. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Mtoto asilazimishwe kurudia habari kwa mchungaji, kwa wazee, kwa kamati na kwa majirani. Kila kurudia ni jeraha.

4. Usiende kumkabili anayetajwa. Unaweza kumweka mtoto hatarini zaidi.

5. Kama mtoto amenajisiwa, afike kituo cha afya upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla ya saa 72. Asingoje kikao cha ukoo.

6. Toa habari kwa mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto katika makazi yetu, au kwa polisi, kitengo cha mtoto na familia. Namba 116 ya Sauti hupigwa bila malipo popote Uganda.

7. Katika kanisa, mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali palipofungwa, awe mwalimu, mwimbaji au mchungaji. Mwenye moyo safi hatachukizwa na kanuni hii.

8. Watoto wapewe nafasi ya kucheza kila siku. Mchezo si upotevu wa wakati; ndimo mtoto anamosema yale ambayo hana maneno yake.

MWISHO WA HABARI YANGU

Baada ya wiki tatu sikuweza tena. Nilimwendea Mama Mchungaji, tukaenda wote kwa mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto. Kwanza nilimtafuta yule binti nikamwambia nitakalofanya. Alilia, kisha akatikisa kichwa kukubali. Alihamishiwa kwa shangazi yake. Kesi ilikwenda polepole, na wapo watu ambao hadi leo hawanisalimu. Familia ile iliacha kusali nasi. Nayasema haya ili mtu asidhani kwamba ukweli hauna gharama.

Siku moja, muda mrefu baadaye, binti aliniuliza swali moja tu: kwa nini nilikaa siku nyingi vile. Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwomba msamaha. Huo ulikuwa wake kuutoa au kuuzuia, na sikumharakisha.

Kwa hiyo, wapendwa, jibu langu kwa swali la leo ni hili. Amani inayolipwa kwa usingizi wa mtoto si amani. Ni deni, na atakayelilipa ni yule mdogo kuliko wote nyumbani. Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake walipomwuliza nani mkubwa, kama tunavyosoma Mathayo 18. Sisi tusimweke pembeni ili wakubwa wastarehe.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:
– Je, mtoto wangu anajua mtu mzima mmoja anayeweza kumwambia lolote?
– Je, familia ikisema ukweli na kupoteza mlezi, kanisa letu litaisaidiaje kwa miezi sita ya kwanza?
– Je, kuna mtoto ambaye ninajua anaumia, nami nimenyamaza?

Mungu awabariki, awalinde watoto wetu, atupe masikio ya kusikia na miguu ya kwenda.

Ndimi mwalimu wenu wa Shule ya Jumapili.